Uso Usiofikia Punje ya Ulezi

Mwanangu Kundaeli,

Umelala chumba cha pili, nami nakuandikia kana kwamba uko mbali. Ukuta ulio kati yetu ni wa mbao. Nasikia unavyojigeuza kitandani, na ningeweza kukuita. Lakini unanijua. Nikisema, nasema kama mwalimu, nawe unanyamaza kama mwanafunzi, halafu kila mmoja anakwenda kulala na neno lake. Kwa hiyo naandika.

Sitakueleza habari za chakula, usingizi wala marafiki huko Dar es Salaam unakokwenda kesho kwa kazi ya gazeti. Mjomba wako Eliamani amekwisha kukueleza hayo yote jana, tena kwa sauti ambayo majirani nao wamefaidika. Ninachotaka ni kukujibu swali uliloniuliza Jumapili mezani, ambalo nililiacha likapoa pamoja na ndizi.

Ulisema, "Mama, nipe ile negativu ya baba. Dar es Salaam kuna watu wenye kompyuta. Wataikuza, wataiondolea chenga, tutapata sura yake."

Nilikuambia ule kwanza. Ukala. Uliponyanyuka hukurudia swali, na hilo liliniuma kuliko kama ungelirudia.

Umekua ukiniona nikipiga picha za kipaimara na za harusi, ukadhani nilianza kazi hiyo nikiwa na kila kitu. Sivyo. Nilipokuwa msichana wa chuo cha ualimu, likizo zangu nilizimalizia mjini Moshi katika studio ya mjomba wako. Ndipo nilipopewa ile kamera kubwa ya macho mawili unayoiona kabatini. Hiyo haishikwi usoni. Huning'inia kifuani, na anayepiga huinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Nilipenda jambo hilo, kwamba mpiga picha anamwinamia anayepigwa. Negativu yake moja, kile kipande cha mkanda kinachohifadhi picha, ni pana kama kiganja cha mtoto mchanga.

Baba yako alikuwa akipima kahawa katika chama cha msingi cha wakulima huku juu mlimani, na kila aliposhuka mjini alipita studio. Miaka ile madukani hapakuwa na sabuni wala sukari, sembuse mikanda ya picha. Kamera tulikuwa nayo, cha kuweka ndani yake hatukuwa nacho. Basi nilijifunza kwa kamera tupu. Nilimkalisha baba yako kwenye kiti, nikapanga mwanga wa dirisha, nikainama, nikamtazama katika kioo mpaka macho yakauma.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado. Usitikise kidevu."

"Mkanda umo?"

"Haumo."

"Sasa mimi nakaa hapa kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili yangu," nikasema, nikaona aibu, nikaongeza, "ya mazoezi."

Alicheka mpaka kiti kikalia. Tulifunga ndoa katika miaka hiyohiyo, na hapakupatikana mkanda wa kutupiga hata picha moja. Ndiyo sababu hujawahi kuona picha ya harusi yetu. Uliwahi kuniuliza kama niliichana. Hapana. Haikuwahi kuwapo.

Kisha biashara ikafunguliwa. Utakuwa umefundishwa shuleni jambo hilo kama sera. Mimi nililiona kama rafu. Rafu za maduka ya mjini zilizokuwa na vumbi zikajaa, na bidhaa nyingine zikapita mpakani Holili mabegani mwa watu. Mjomba wako alikuja siku moja akiwa ameficha kitu ndani ya koti.

"Dada, tazama hii. Ya Kijapani. Inaingia mfukoni."

"Ndogo hivyo itapiga nini?"

"Itapiga watu. Tena inakata kila picha vipande viwili. Mkanda mmoja, picha sabini na mbili. Huo mtambo wako unakula mkanda mzima kwa picha kumi na mbili. Wewe mwalimu wa lugha, hesabu hujui?"

"Hesabu naijua."

"Basi piga hesabu, usinipigie soga."

Nilimpa ile kubwa, akanipa ile ndogo. Nilitembea nayo Old Moshi yote. Picha zilitoka, wazazi walifurahi. Kwa kuwa karatasi nilizochapa zilikuwa ndogo, za kuingia katika bahasha, sikuona tofauti yoyote. Hili ulishike vizuri kwa sababu ndilo litakalokudanganya na wewe. Picha ndogo husamehe kila kitu. Kosa hubaki limejificha mpaka siku mtu atakapotaka kuikuza, na siku hiyo huwa si ya furaha.

Krismasi ya mwaka uliozaliwa, watu wote walipanda mlimani, wa Dar es Salaam, wa Arusha, wa Mombasa. Kama ilivyo desturi ya ukoo wa baba yako, walipangwa mbele ya nyumba ya bibi yako: wazee vitini, akina mama nyuma yao, watoto chini, na vijana warefu nyuma kabisa. Baba yako alikuwa mrefu. Alisimama mwisho, chini ya majani ya migomba, amevaa kofia yake, na ukungu ulikuwa umeshuka. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, mpaka wote wakaenea. Nikapiga.

Walipotawanyika alinifuata.

"Mama Kunda, sasa nipige moja peke yangu."

"Wewe umo kwenye kundi."

"Kwenye kundi nimo kama mgomba."

"Mkanda haupotezwi kwa mtu mmoja. Huu una watoto wa kipaimara, wanakuja Jumapili."

"Haya, Mwalimu," akasema. Akaivua kofia, akaniinamia nayo kama mtumishi wa bwana mkubwa, akaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Katika mkanda wa picha sabini na mbili nilimnyima moja. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi kichwani, na kila mara imetoka sahihi kabisa, haina cha kusahihishwa.

Masika yaliyofuata alilowana akitoka kazini, akashikwa na homa, tukamshusha hospitali, na kabla ya Pasaka tukampandisha akiwa maiti. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Unajua kwetu jeneza halitoki nyumbani kwenda kaburini kihambani, kwenye migomba ya ukoo, bila picha ya marehemu kutangulia. Huitafuti siku hiyo, huwa ipo. Sisi hatukuwa nayo. Picha ya kitambulisho chake ilikuwa imekaa miaka katika mfuko wa shati, ikaloana jasho na mvua, ikabaki karatasi yenye doa. Nikaikumbuka picha ya Krismasi.

Niliingia chumba cha giza na mjomba wako. Niliiweka negativu chini ya taa nikaitazama kwa lenzi. Ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na ndani yake ukoo mzima. Uso wa baba yako haukufikia punje ya ulezi.

Mashine ya kukuzia hufanya kazi kwa kupanda. Kadiri kichwa chake kinavyokwenda juu ndivyo picha inavyotanuka juu ya karatasi. Mjomba wako alishika gurudumu.

"Nipandishe tena, Dada?"

"Pandisha."

"Na tena?"

"Pandisha, Eliamani."

Akapandisha mpaka kichwa kikagota mwisho wa nguzo. Tukaiweka karatasi kwenye dawa. Katika mwanga mwekundu nikaona kofia ikijitokeza, kisha bega. Chini ya kofia yakatokea madoa kama mchanga uliomwagwa, meupe na meusi. Nilisubiri madoa yajikusanye yawe macho. Hayakujikusanya.

"Dada," mjomba wako akasema polepole, na yeye si mtu wa kusema polepole, "hapa tunamtafuta mtu kwenye mchanga. Hayumo."

"Yumo. Nilimpiga mwenyewe."

"Ulimpiga. Mwanga wake haukutosha kukaa."

Nilikasirika, lakini alikuwa amesema kweli, na tangu siku hiyo nimekaa na kweli hiyo mpaka nikaielewa. Nitakueleza kama nilivyoielewa, kwa vitu vya nyumbani, kwa sababu vitabu vyako vina maneno mengi.

Mvua inaponyesha, weka beseni na kikombe uani. Mvua ni ileile, muda ni uleule. Ukivitoa pamoja, beseni lina maji ya kuoga na kikombe kina maji ya kunywea dawa. Ndivyo ilivyo kwa negativu kubwa na ndogo, na ndivyo ilivyo kwa kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera yako mpya ya dijitali. Mjomba wako alifungua kamera moja ya aina hiyo iliyokufa, akanionyesha kipokea mwanga chake. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. "Dada," akaniambia, "tumerudi tulikotoka."

Nilipokusimulia hayo, ulinijibu kwamba yako ina megapikseli tano, yaani vidoa milioni tano. Neno hilo nalitumia kama ulivyolitumia. Nilikuuliza, hizo tano zinakaa wapi? Ukasema, ndani ya kipande hichohicho. Basi fikiri kama mkulima. Shimo moja la mahindi ukilitia mbegu mbili, zitakua. Ukilitia mbegu kumi, zote zitaota, utazihesabu na kufurahi, lakini hakuna hata moja itakayopata chakula cha kutosha. Wingi wa vidoa haukusaidii sana ikiwa kila kidoa kimepewa tone tu la mwanga.

Hayo hayaonekani saa sita mchana uwanjani, ambapo kuna mwanga wa kumwaga. Huonekana mwezi wa Julai huku juu, wakati jua halitoki, au kanisani, au jikoni. Unakumbuka wiki iliyopita uliponipiga nikiwa karibu na moto? Kwenye kioo cha nyuma ya kamera nilikuwa nimetoka vizuri, ukanionyesha ukicheka.

"Tazama Mama, umekuwa kijana."

Ukaipeleka mjini kwenye kompyuta, wakaikuza, ukarudi na karatasi ambayo hukunionyesha. Niliiona ndani ya kitabu chako. Shavu langu lilikuwa na vidoa vyekundu na vya buluu kama nguo iliyochujiwa rangi, na upande wa gizani ulikuwa umekufa. Nilikifunga kitabu nikakirudisha mahali pake. Nilijua umeona kile nilichokiona katika chumba cha giza, tofauti ni kwamba aliyekuwa kwenye karatasi yako alikuwa hai, anapika maharage.

Sikuambii uitupe. Ni ya kwako, ni nyepesi, na gazeti linalokuchukua litachapa picha ndogo ambazo hazitaidai zaidi ya inachoweza. Ile kubwa nayo ina dhuluma zake. Ni nzito, ni ya polepole, na ukimkaribia mtu kupita kiasi, macho yatakuwa makali na masikio yatayeyuka. Mjomba wako alinipiga nayo siku moja nikamwambia amenitoa mwanamke mwenye pua tu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kupiga, ujiulize kama uso huu utaweza kuhitajika siku moja ukiwa umekuzwa. Mimi sikujiuliza.

Nilichukua karatasi ile ya mchanga nikaitia fremu, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Siku ya maziko binamu yako aliibeba kifuani mbele ya jeneza, ikawekwa mezani kando ya kaburi pamoja na majani ya masale, mmea wetu wa heshima. Bibi yako alitoka katikati ya wanawake, akaikaribia, akaitazama kwa muda. Aliuliza kwa Kichagga, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mliyemleta ni nani?"

"Ni Elinami, Mama," nikamjibu.

"Elinami namjua. Nilimzaa. Hakuwa na uso wa moshi."

Aliingia ndani akarudi na ile kofia. Akailaza picha kifudifudi mezani, akaweka kofia juu ya jeneza. Hakuna aliyemzuia. Watu walimzika mwanawe kwa kofia. Mimi nilirudi nyumbani na fremu nikiwa nimeigeuzia kifuani kwangu, na wewe mgongoni.

Tangu hapo ile picha imekaa ukutani umri wako wote. Unakumbuka ulipokuwa darasa la kwanza ulipanda kiti ukaichorea macho kwa kalamu ya wino? Nilikupiga. Nilikupiga kwa kuharibu kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kuharibika mikononi mwangu. Ulilia ukasema, "Nilitaka anione." Nilifuta wino kwa pamba na maji, doa likabaki, nami nikaitundika tena kana kwamba nimekufundisha adabu. Ningekuwa na ujasiri ningekukalisha siku ile nikakueleza haya ninayokueleza leo. Badala yake nilikuagiza uandike insha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonizuia kukujibu Jumapili. Watu wanasema unafanana naye. Shangazi zako wanaapa. Mimi huwa nanyamaza, nawe hudhani sipendi kusikia. Ukweli ni kwamba sijui tena. Nimeitazama karatasi ile miaka mingi mno, asubuhi na jioni, na imemla. Nikifumba macho nimtafute baba yako, kinachokuja ni mchanga, kofia na bega. Alikuwa na kovu juu ya jicho, alianguka utotoni kwenye mawe ya mfereji. Sikumbuki kama lilikuwa jicho la kulia au la kushoto. Namwona wazi mara moja tu, kwenye kioo cha ile kamera kubwa, siku zile za kamera tupu, na hapo kovu liko kulia. Lakini kioo cha kamera ile hugeuza. Kilicho kushoto huonekana kulia. Nami sijui kama ninachokikumbuka ni kioo au ni mtu. Bibi yako ndiye aliyejua, na yeye pia tumekwisha kumzika.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Negativu umeiweka akilini mwako kama mahali ambapo baba yako amefungiwa, ukidhani mtu mwenye chombo bora atafungua mlango. Mwanangu, hakufungiwa humo. Mwanga uliotoka usoni kwake siku ile ulikuwa mchache, ukaangukia mahali padogo, ukashindwa kuandika jicho. Kompyuta inaweza kulainisha mchanga. Inaweza hata kukupa macho, pua na mdomo, mtu akikaa nayo akachukua hapa na pale. Watakuchapia sura nzuri, nawe utaitundika, na baada ya miaka itamla baba yako kama hii ilivyomla kwangu, tofauti tu ni kwamba utakuwa unamkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuishi. Afadhali mchanga. Mchanga hausemi uongo.

Hata hivyo nakupa. Imo ndani ya bahasha hii, katika karatasi nyembamba. Ishike pembeni, usiiguse katikati. Nimekunyima mengi kwa kuogopa kupoteza, na sitaki hili liwe mojawapo. Ni yako uifanyie utakavyo. Ukiwapelekea hao watu wa kompyuta, nisingependa uniletee watakachokupa, lakini sitakukataza.

Nina ombi moja, ndiyo maana nimeiweka barua hii juu ya kikombe chako cha chai mahali ambapo huwezi kuikosa kabla ya kuondoka.

Ile kamera kubwa hukuwahi kuniuliza ilirudije. Wiki moja baada ya maziko mjomba wako alipanda hadi hapa, akaiweka mezani, akanywa maji, akashuka. Hadi leo hatujazungumzia alivyoirudisha. Nimeitunza nikiifuta kuvu, nikiogopa kuitia mkanda. Mwezi uliopita nilimwagiza anitafutie mmoja, akaupata Nairobi. Nimekwisha kuutia.

Sina ugonjwa ninaokuficha, usije ukaanza kunichunguza njia nzima. Mimi ni mtu mzima tu. Baba yako naye hakuwa mgonjwa Krismasi ile. Lakini siku itakuja ambapo mtu atabeba fremu kifuani mbele yangu kwenda kihambani, na wewe utakuwa unatoka stendi umechelewa, umechoka, na utaitazama meza ile kabla ya kutazama kitu kingine. Nataka usiulize ni nani.

Ukimaliza chai njoo uani. Nimeweka kiti mlangoni, uso uelekee upande wa ukungu, maana mwanga wake ni mpole na kamera ile itauweza. Nitakuwa nimevaa gauni la kanisani. Sogea karibu, karibu kuliko unavyodhani ni adabu. Usinihesabie mkanda. Inama, unitazame katika kioo mpaka utosheke, na ukumbuke kwamba kinageuza: alama yangu ya kuungua iko shavu la kushoto.

Basi litakusubiri kidogo. Nami nimekaa.

Mama yako